Barua za Valentino

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili saa moja jioni, sebule ya Marcelina Kashindye pale Gongoni, mjini Tabora, ilijaa watu. Televisheni yake ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani. Aliletewa na mdogo wake, Dionis, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na huyo Dionis ndiye aliyekuwa mtunzi wa Treni ya Ijumaa, kichekesho cha watu wa kituo kidogo cha reli ya kati wanaoishi kwa kungoja treni isiyofika kwa wakati wake. Nchi nzima ilikijua kipindi hicho. Lakini watu wa Gongoni walikuwa na sababu yao ya kukipenda kuliko wengine: walijua kwamba Mama Ngoja, yule mjane muuza matobolwa ambaye abiria hapiti mbele ya meza yake bila kununua, ni Marcelina mtupu.

Hawakukosea. Marcelina alikuwa na meza sokoni, akiuza matobolwa ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, karanga, na asali ya Sikonge kwenye chupa za maji. Jinsi alivyokaza khanga kiunoni kabla ya kumjibu mteja mkorofi, jinsi alivyosema "tuelewane" huku hana nia ya kuelewana na mtu, ugomvi wake na jirani yake Magreth juu ya kuku waliokuja kudonoa viazi vyake vilivyoanikwa, yote hayo yalionekana kwenye televisheni. Kila Jumamosi asubuhi Dionis alipiga simu.

"Shikamoo dada. Haya, nisimulie."

Naye alimsimulia. Wiki iliyofuata, au mwezi uliofuata, aliyaona maneno yake yakitoka kinywani mwa mwigizaji mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na watu waliokaa kwenye mikeka yake wakamgeukia yeye na kucheka. Sokoni walimwita Mama Ngoja, na aliitika. Alipenda. Alikuwa amemlea Dionis tangu mama yao alipofariki, mtoto akiwa na miaka tisa, na sasa alihisi kwamba kuna kitu chake ndani ya kazi ya huyo mtoto.

Sharti alilomwekea lilikuwa moja tu. Mwaka ule kipindi kilipokuwa kinaanza, Dionis alikuja Tabora na daftari lake, akamwambia kwamba anataka kumtengeneza mtu anayefanana naye. Marcelina alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Chukua chochote," alimwambia. "Chukua hata ninavyokoroma. Mambo ya Valentino usiyaguse."

"Siwezi kuyagusa, dada."

"Niapie."

Dionis akaapa kwa kaburi la mama yao.

Valentino Shigela alikuwa mume wa Marcelina. Kila mtu Gongoni alijua habari zake: alikwenda machimboni Kahama kutafuta maisha, kwa miaka saba akawa anamwandikia mwanawe barua, kisha shimo likamporomokea na mwili wake haukupatikana. Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na saba, mtaa mzima ulikaa matanga kwa Marcelina.

Hakuna hata neno moja la kweli katika habari hizo.

Kweli ilikuwa hivi. Valentino alikuwa mtu wa kugeuza njia za treni kule Kigwa, na familia ilikaa kwenye nyumba za reli. Asubuhi moja ya mwaka wa tisini alipanda treni ya kwenda magharibi pamoja na mwanamke aliyekuwa akipikia mafundi wa njia. Baada ya majuma matatu ilikuja karatasi moja kutoka Mpanda: asisubiriwe, ameanza maisha mengine. Kigwa ni mahali padogo. Watu walijua kabla Marcelina hajajua, na baada ya kujua walimwonea huruma kwa namna iliyomfanya atamani kuzama ardhini. Lakini hayo angeyavumilia. Hakuweza kuvumilia hali ya Julieth, binti yake wa miaka mitano, ambaye kila treni ilipopiga honi alitoka mbio hadi ukingoni mwa reli, akapita behewa moja hadi jingine akiangalia nyuso madirishani, na treni ikiondoka akarudi na kukataa chakula. Mtoto akaanza kukonda.

Marcelina akahama Kigwa, akaja Gongoni ambako hakuna aliyemjua. Jioni moja alimwita Dionis, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mwandiko uliosifiwa shuleni, mwandiko wa kulala wa mtu mzima. "Chukua kalamu," akamwambia. "Andika: Mwanangu Julieth, mimi baba yako ni mzima, nipo Kahama nafanya kazi."

Ndiyo iliyokuwa barua ya kwanza. Julieth alisomewa, akaishika karatasi, akaigeuza huku na huku ingawa alikuwa hajajua kusoma, kisha akaomba ugali. Kwa jambo hilo Marcelina angeandika barua mia moja. Aliandika ishirini na tatu. Yeye alisema, Dionis akaandika, na mara nyingine Dionis aliongeza la kwake. Katika moja alitia maneno haya: "Ukila muhindi wa kuchoma niachie mstari mmoja, nitaumalizia nikija." Tangu hapo Julieth hakula muhindi bila kuacha mstari mmoja wa punje, na gunzi lake akaliweka juu ya dirisha. Alipokua aliacha kuyaweka magunzi dirishani, ila mstari mmoja aliendelea kuubakiza, hata utu uzimani, bila kufikiri.

Barua zilikoma kwa sababu ya jirani mmoja mwema. Mwenye lori aliyekuwa akienda Kahama kila mwezi alijitolea kumpeleka Julieth kumwona baba yake wakati wa likizo. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifunga begi siku hiyo hiyo. Marcelina alihesabu siku zilizobaki, akamwita Dionis kutoka chuo cha ualimu, na usiku wakiwa jikoni akamwambia, "Sasa tumuue." Dionis alimwangalia. Kisha wote wawili wakashikwa na kicheko, wakafunika midomo kwa mikono, machozi yakawatoka, na hawakujua ni machozi ya nini. Siku mbili baadaye Dionis aliingia mtaani na habari ya msiba.

Miaka ishirini na miwili siri hiyo ilikaa kwa watu wawili tu.

*

Jumamosi moja ya mwishoni mwa Novemba mwaka elfu mbili kumi na tisa, Dionis alipiga simu kama kawaida. Treni ya Ijumaa ilikuwa inafikia mwisho. Kwa majuma kadhaa redio na magazeti havikuzungumza jingine: itakuwaje, Mama Ngoja ataolewa tena, kituo kitafungwa, treni itafika kwa wakati walau mara moja.

"Kesho ukae na watu wako wote, dada," alisema. "Usiangalie peke yako. Nimekutengenezea zawadi."

Kwa hiyo aliwaalika. Magreth alikuja na keki kutoka duka la kona. Katekista alikuja, na kina mama wote wa jumuiya, na wenzake wa sokoni. Julieth, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Goweko, alikuja kwa basi tangu asubuhi, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake kama alivyozoea. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana na vumbi lilikuwa limetulia. Milango iliachwa wazi, na waliokosa nafasi walisimama barazani.

Kipindi kilianza kwa Mama Ngoja kuandaa kumbukumbu ya mumewe aliyefia machimboni. Watu wote wa kituo walikuwepo, mkuu wa stesheni na kofia yake, muuza magazeti, yule mlevi anayejua ratiba zote za treni za zamani. Sebule nzima ilicheka tangu dakika ya kwanza. Marcelina naye alicheka, ingawa neno "machimboni" lilimgusa mahali. Alijiambia kwamba mume wa Mama Ngoja alikuwa marehemu tangu kipindi cha kwanza, kwamba hilo si jipya.

Kisha Treni ya Ijumaa ikafika kwa wakati, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Watu wa kituo wakatoka kuitazama. Abiria mmoja tu akashuka, mwanamume mwenye mvi na begi la kitambaa, akatembea mpaka kwenye turubai la kumbukumbu, akakaa kwenye benchi, akapewa sahani ya pilau. Akamwuliza aliyekaa jirani yake: "Samahani ndugu, ni nani aliyefariki?"

Magreth alicheka mpaka akamwegemea katekista.

Marcelina hakusogea. Alitamani umeme ukatike, kama ulivyozoea kukatika mvua ikinyesha tu. Umeme haukukatika. Aliangalia Mama Ngoja akiingia jikoni na mdogo wake, wakafunga mlango. "Si tulikubaliana amekufa?" akasema mdogo mtu. "Alikuwa ametutoka vizuri kabisa." Wakafunika midomo kwa mikono wakicheka. Na hapo, kwa maneno mafupi ya kuchekesha, yote yakatoka: mume aliyekimbia na mwanamke wa jikoni, barua zilizoandikwa na shemeji kwa mwandiko wa kulala, mtoto aliyetaka kwenda kumwona baba, usiku waliokaa na kusema sasa tumuue, shimo ambalo halikuwahi kuporomoka, siku tatu za matanga ya mtu aliye hai.

Kicheko sebuleni hakikukatika mara moja. Kilipungua, mtu mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka chumbani kwa kunyata. Wa sokoni waliendelea kidogo, kwa sababu wao hawakuwepo mwaka wa tisini na saba. Magreth aliacha kucheka mdomo ukiwa bado wazi. Alimgeukia Marcelina, akamtazama, kisha akarudi kutazama televisheni kana kwamba anataka kuhakikisha.

Mkuu wa stesheni alikuwa amepata barua moja ya zamani kwenye droo, akaisoma kwa sauti ya kanisani. "Ukila muhindi wa kuchoma niachie mstari mmoja, nitaumalizia nikija." Watu waliorekodiwa ndani ya televisheni wakacheka sana. Mume wa Mama Ngoja akasema yeye hata mahindi hayapendi, yanamsumbua meno, na wakacheka tena.

Marcelina aliuona mgongo wa Julieth ukinyooka.

Kilichofuata kwenye kipindi hakukijua, wala hakuwahi kukiangalia tena. Alisikia muziki wa mwisho. Watu waliaga kwa sauti ndogo, kila mmoja akitafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Keki ya Magreth ilibaki mezani haijakatwa. Katekista alisema, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibiwa, akatoka. Walipobaki wawili, Julieth hakuinuka pale chini.

"Mama," alisema, "ule mstari wa muhindi. Barua ziko kwangu Goweko, kwenye sanduku langu. Mjomba hajawahi kuzishika. Ameujuaje?"

Uongo ulikuwepo, tayari, umekaa ulimini: nilimsimulia mimi, siku nyingi. Ungetosha labda mpaka asubuhi. Marcelina alimwangalia binti yake, mtu mzima wa miaka thelathini na minne mwenye chaki kwenye kucha, akaona kwamba hana nguvu ya kuanza upya.

"Aliuandika yeye," akasema.

"Zote?"

"Zote. Mimi nilisema, yeye akaandika."

"Baba alikufa lini?"

"Sijui kama amekufa, mwanangu. Alikwenda Mpanda. Alituacha."

Julieth aliinuka taratibu, akatafuta mkoba wake, ukawa uko palepale begani. "Mwezi huu nimeandika jina lake kanisani kwenye orodha ya marehemu," alisema. "Kama kila mwaka. Kalamu ulinipa wewe." Akaenda kulala kwa mwalimu mwenzake upande wa pili wa mji, na kesho yake akarudi Goweko na basi la kwanza.

*

Asubuhi Dionis alipiga simu kabla Marcelina hajachemsha chai. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala kwa furaha.

"Shikamoo dada. Uliona? Simu yangu haijapoa tangu jana. Watu wanasema wamecheka na wamelia."

"Marahaba," alisema Marcelina. "Julieth alikuwa hapa."

Nyuma yake, Dar es Salaam, magari yalipiga honi.

"Nilidhani ulishamwambia," Dionis alisema. "Ni mtu mzima, dada. Nilidhani zamani sana."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungekataa."

Marcelina alivuta kigoda akakaa. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kumtukana, na sasa hakupata hata tusi moja. Dionis alianza kujieleza. Alikosa mwisho, alisema. Miezi minne aliandika miisho, ya harusi, ya kifo, ya kituo kufungwa, na kila aliposoma aliona ni uongo mtupu. Huo mmoja tu ndio uliosimama. Na tena, alisema, barua zile zilikuwa zake pia. Alikuwa mtoto mwenye kalamu, akaambiwa awe mtu mwingine kwa ajili ya mtoto mwingine. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya utunzi, kila alichoandika baadaye kilitoka hapo, na kwa miaka thelathini hakuruhusiwa kumwambia mtu.

"Na jikoni tulicheka, dada. Wewe mwenyewe ulicheka."

"Tulicheka wawili," alisema Marcelina.

"Dada—"

"Uliniambia niwaite watu. Nimewaita mimi mwenyewe, Dionis. Nimepita nyumba kwa nyumba."

Akakata simu. Akabaki ameishika, na kwa mara ya kwanza tangu jana alilia. Hakumlilia Valentino, ambaye alimaliza kumlilia kule Kigwa, wala aibu ya mtaa. Alilia kwa sababu alimwona Dionis wa miaka tisa akiwa amelala mgongoni mwake siku ya kumzika mama yao, mzito, mdomo wazi, na hakuweza kumtenganisha na yule aliyesema "ungekataa".

Sokoni siku hizo zilikuwa za moto. Vijana wa bodaboda walimpita wakisema, "Mama Ngoja, mume kashuka?" Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanarudia kichekesho. Wateja waliitana kumwona. Zamani aliitika kwa jina hilo. Sasa alipima karanga bila kuinua uso, na waliposisitiza aliwaambia, "Mimi naitwa Marcelina."

Alhamisi jumuiya ilisali nyumbani kwa Magreth. Wengi hawakumtarajia, lakini Marcelina alikwenda, akakaa karibu na mlango. Nia za sala zilipoombwa alisimama.

"Mwaka wa tisini na saba niliwaambia mume wangu amekufa machimboni," alisema. "Hakufa. Alinikimbia. Mlilala kwangu, mkapika, mkalia, na mimi nilijua. Nilifanya kwa ajili ya mtoto, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Naomba mnisamehe."

Akaketi. Bibi mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale akauliza, kwa dhati kabisa, "Sasa zile Misa tulizomwombea zimekwenda wapi?" Katekista akasema sala haipotei, Mungu anajua pa kuipeleka, na kuna marehemu wengi wasio na wa kuwaombea. Bibi akaridhika. Magreth hakuridhika.

"Mimi nilikuwa na mimba ya Gerson," alisema akiangalia mikono yake. "Miguu imevimba. Nililala kwenye mkeka wako siku tatu, Mama Julieth. Nilikushika kichwa ulipokuwa unalia. Ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa nalia kweli, Mama Gerson. Ila si kwa sababu mliyoijua."

"Basi ungeniambia mimi. Mmoja tu. Ningekaa nayo."

Ni kweli, Magreth angekaa nayo. Ilipita miezi kabla Magreth hajavuka tena ua kuja kuomba kiberiti, na hata alipoanza kuja alisimama mlangoni.

*

Shule zilipofunga Desemba, Julieth alikuja bila kutoa taarifa. Alisalimia, "Shikamoo mama," akaweka mezani bahasha kubwa ya kaki, na kutoka kwenye mkoba akatoa kalamu nyekundu anayosahihishia madaftari.

"Nataka uniambie," alisema. "Kila barua. Maneno yako ni yapi na ya mjomba ni yapi."

Walikaa mchana kutwa. Karatasi zilikuwa zimelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Julieth alisoma sentensi kwa sauti, na Marcelina akasema, "Yangu," au, "Yake," na mara nyingine, "Sikumbuki." Yaliyokuwa ya mama, Julieth aliyapigia mstari mwekundu. Soma kwa bidii, yangu. Usimsumbue mama yako, yangu. Naota nimekubeba mabegani tunavuka reli, yangu. Hapo Julieth alinyanyua kalamu akamtazama kidogo kabla ya kupiga mstari. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko Marcelina alivyodhani. Walipofika kwenye ile ya muhindi Julieth hakusoma, aliweka tu kidole.

Marcelina alijua binti yake anataka asikie nini. Neno moja dogo, na sentensi ile aliyoipenda kuliko zote ingekuwa ya mama yake. Na Dionis angenyang'anywa kitu, naye aone inavyouma.

"Yake," alisema. "Aliitia mwenyewe. Mimi nilisema tu, nakusalimu."

Julieth aliiacha bila mstari, akaikunja, akairudisha na nyingine. Hakusema amesamehe. Aliuliza Mpanda ni wapi hasa, mwanamke yule aliitwa nani, na Marcelina akamwambia yote aliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi.

"Utakwenda?"

"Sijui. Nataka nijue pa kwenda." Kisha akauliza kama kuna chakula, akaivuta sufuria ya maharage, akala.

*

Dionis alikuja Pasaka. Kipindi kilikuwa kimepewa tuzo, picha yake ilikuwa kwenye magazeti, na tumbo lilikuwa limeanza kumtoka. Alifika kwa treni, akatembea kutoka stesheni mpaka Gongoni, na watu wawili watatu wakampungia mkono. Alikuwa ameshapita Goweko. Julieth alimpokea uani kwake, akamsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwambia, "Nimekusikia, mjomba," akaenda kufua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

Alimwandalia maji ya kuoga. Alichinja kuku, akapika ugali na mlenda wa karanga aliojua anaupenda tangu utoto, akamtandikia kitanda kwa shuka jipya. Dionis alikula akiwa anamtazama kwa woga, kama mtu anayesubiri kupigwa. Alipomaliza akasema yote tena, polepole zaidi, na safari hii hakujitetea. Alikiri kwamba alijua Julieth hajui. Alikuwa amejiambia kwamba anajua, ili aweze kuandika.

Marcelina alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa," alisema.

"Umenisamehe?"

"Naomba kila siku nikusamehe. Sijafika." Akakusanya vyombo.

Asubuhi, kama zamani, Dionis alikaa kwenye kigoda cha jikoni wakati dada yake akichagua karanga. Aliuliza sokoni kukoje siku hizi.

"Kuzuri."

"Na Magreth? Kuku wake bado wanakusumbua?"

"Magreth hajambo."

Kulikuwa na mengi ya kusimulia. Wiki ile ile tu kuku wa Magreth alikuwa ametagia ndani ya kapu la matobolwa, mteja akanunua kapu zima bila kuangalia, akarudi kesho yake na yai mkononi kudai kwamba hakuliagiza. Marcelina alilikumbuka pale, akalihisi linampanda kooni na maneno yake yote yakiwa yamejipanga, sauti ya mteja, sura ya Magreth. Dionis alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akingoja, jinsi alivyongoja tangu alipokuwa mdogo.

"Chai ipo kwenye chupa," alimwambia. "Kunywa ingali moto." Akainua ungo, akatoka nao uani kupepeta.